Nani Atalala Chini ya Shuka?

Jumamosi, 15 Juni 2024

Nimekasirika. Naandika ili nitulie.

Mchezo wetu umechezwa leo saa tisa alasiri, ukumbi wa parokia. Miezi minne ya mazoezi! Kazi yangu ni kukaa nyuma ya pazia na daftari: anayesahau neno, namnong'oneza. Leo watazamaji wameninyang'anya kazi. Wanafunzi wote wa Likasi wamesoma vile vitabu sita vya Ufalme wa Chini, mchezo ulimotoka, hadi majalada yameng'oka. Mwenda, shujaa wa mchezo, alipokosea neno moja mbele ya lango la Mfalme wa Mawe, safu nzima ilipiga kelele: "Hapana vile! Mu kitabu anasema 'fungua' mara tatu!" Msichana mmoja alisimama na kitabu chenyewe mkononi. Adabu iko wapi?

Hayo nimeyavumilia. Onyesho la saba — hapana.

Pale Mwenda anakufa, anafunikwa shuka jeupe, analiliwa, halafu anafufuka. Chadrack, anayemwigiza, alilala vizuri, hata kifua hakikupanda. Wanawake wa kwaya wakalia kama kwenye kilio cha kweli. Ghafla mama yake Chadrack, mama Julie, akatoka safu ya tatu, akapanda jukwaani, akalivuta shuka.

"Lamuka! Chadi, lamuka! Nani alikuambia ulale mu shuka ya bantu ba kufwa?"

"Mama, tunacheza tu..."

"Bantu habachezake na lufu!"

Kwake kifo si cha kuchezea. Akamtoa kwa mlango wa pembeni, amemshika sikio. Na watu — wakapiga makofi! Walidhani ni sehemu ya mchezo! Mwenda hakufufuka. Kurasa tatu za mwisho hazikusikika. Mama mjinga. Watazamaji wajinga.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa, sifa tupu. Alexis wa duka la vipuri kanishika mkono: "Papa Arsène, ule mama njo alicheza muzuri kupita bote! Mulimutosha wapi?" Nikamwambia hatukumtoa popote, hakuwa mwigizaji. Akacheka, akaniita mnyenyekevu.

Wanafunzi pekee wamechukia. Mama yake Mwenda, wanasema, alishakufa katika kitabu cha kwanza. Leo niko upande wao.

Jumanne, 18 Juni

Cyrille, mwalimu na mwongozaji wetu, amependa yale makofi. Anataka mama Julie apande tena Jumamosi, tukirudia mchezo. Tumemfuata nyumbani. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akatupa viti.

Akasema polepole. Plamedi, kaka mkubwa wa Chadrack, shimo la madini lilimfunika upande wa Kambove, mwaka wa tatu huu. Hawakumtoa. "Shuka hatukupata muntu wa kumutandikia. Sasa munaitandika yulu ya ule mwenye alibakia?" Chadrack acheze yote, kasema, ila kulala mule, hapana.

Sikujua. Nikaona aibu. Na Cyrille — baada ya hayo yote! — akamuuliza kama atapanda jukwaani Jumamosi. Mama Julie akatuonyesha lango kwa mchi.

Njiani nikamwambia Cyrille hana haya. Akajibu kwamba mimi ndiye niliyemwita mama huyo mjinga Jumamosi, mbele ya wote.

Ni kweli.

Alhamisi, 20 Juni

Hakuna anayetaka kulala badala ya Chadrack. Vijana watano! Mmoja ana kikohozi cha vumbi la kiangazi. Mwingine ana mitihani. Georges wa taa amepigiwa simu na mama yake toka Kapolowe — habari imeshafika Kapolowe!

Nikapandisha sauti. Mmesoma, mnaogopa kipande cha nguo?

Cyrille akanigeukia: "Papa Arsène, uso unafunikwa. Ulale weye, Chadrack atatokea kwa nyuma afufuke."

Nikasema sawa. Baada ya kelele zile ningesema nini?

Ijumaa, 21 Juni

Nimemwambia mke wangu, Albertine. Alipika, hakula. Kuna mwanamke ambaye hawezi kutofautisha mchezo na kweli — miaka ishirini na sita ya ndoa, sikujua ni huyu.

Mimi nilikula. Kidogo.

Jumamosi, 22 Juni, saa kumi na robo

Nyuma ya pazia. Onyesho la sita linaendelea. Ukumbi umejaa, wengine wamepanda madirishani. Wamekuja kwa ajili ya mama! Wanauliza kwa sauti: "Mama atatokea saa ngapi?"

Georges aliweka shuka juu ya benchi, limekunjwa. Albertine ameingia kwa mlango wa pembeni, bila salamu. Amelikalia.

Cyrille: "Mama Albertine, samahani, simama kidogo. Ile shuka..."

"Minye nimechoka tu, mwalimu. Napumuzika."

Onyesho la sita limekwisha. Pazia limefungwa. Kwaya imejipanga, Chadrack ameshatoka jukwaani, mahali pa maiti pako wazi. Cyrille ananitazama: nimwambie mke wangu asimame.

Nimemwomba Cyrille aningoje, nimalize mstari huu.