Mbona Babu Analala Chali

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili, tarehe 9 Juni, baada ya chai.

Mpendwa mke wangu mdogo, Mbona,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi, zikukute ndani ya lile koti linalokufanya ufanane na godoro lililokunjwa. Hujambo? Unakula? Unalala? Usinijibu kidaktari, nijibu kama mtu. Sisi huku hatujambo. Mke mwenzio, yaani bibi yako, goti ndilo linamsumbua kidogo, naye akisumbuliwa na goti, mimi nasumbuliwa naye. Moyo wangu unapiga. Nimeuwekea mkono sasa hivi kabla ya kuandika, nisije nikakudanganya.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema "halo" tu, unauliza miguu imevimba au haijavimba. Kwenye karatasi mimi ndiye mwenye mdomo. Mwandiko uuvumilie. Shule niliiacha darasa la nne, na kusema kweli yenyewe ilikuwa imeshaniacha kabla.

Mama yako alitusomea ujumbe wako, sote tukiwa sebuleni. Kwamba ile dawa mpya ya moyo uliochoka, uliyoihangaikia tangu hujaota mvi hata moja, imeshindwa. Kwamba waliomeza dawa na waliomeza vidonge bandia wametoka sare. Kwamba profesa wako anataka uanze utafiti mwingine, na wewe mwisho wa mwezi huu unakwenda kumwambia basi, umechoka na tafiti, unahamia ile hospitali ya matajiri ukasikilize vifua vinavyonukia marashi. Ukamalizia kwamba ujana wako umepotea bure.

Mama yako akalia. Bibi yako akaanza kuomba dua. Mimi nikacheka, wakanifukuza. Sikukucheka wewe, mke wangu. Niliwacheka wale wa vidonge bandia. Yaani mtu anameza unga mkavu asubuhi na jioni, halafu anasema ahsante daktari, naona nafuu? Mimi bibi yako ananifanyia hivyohivyo kwa chai isiyo na sukari, ila mimi sisemi ahsante.

Basi nikakaa uani peke yangu, na huko nikamkumbuka mdogo wangu, Babu Mdogo wako, fundi saa. Sijui kama na wewe unamkumbuka vizuri. Ulikuwa hujang'oka meno ya mbele. Alikuwa halali ila kwa kuegemea mito mitatu na kiti kilichopinduliwa nyuma yake, kifua kinalia kama birika. Ukasimama mlangoni, mikono kiunoni, ukauliza, "Mbona Babu Mdogo analala amekaa?" Shangazi yako akakwambia nyamaza. Daktari alipokuja ukamwuliza naye. Akasema moyo wa babu yako umechoka. Ukamwambia, "Mbona hamuupumzishi?" Yule bwana akafunga mkoba akaaga, na mimi mpaka leo naamini alikukimbia. Babu Mdogo alikufa vilevile, amekaa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Jina la Mbona likakuganda tangu siku hiyo.

Sasa nikupe habari za kliniki, kwa sababu huko ndiko kuna mambo.

Unajua kila Jumatano nakwenda kliniki ya moyo. Chumba kina benchi moja refu lililolainika kwa makalio ya wazee, feni inayozunguka kwa kutegea kama kibarua, mizani, na nesi mmoja asiyependa utani. Sisi wa benchi tuna ugonjwa wetu wa pili ambao hamjaufanyia utafiti. Mwenzetu akinenepa, tunampongeza. Tumekuzwa hivyo, kukonda ni balaa na kitambi ni heshima. Basi Jumatano moja ya mwezi uliopita akaingia Kobe, yule dereva wa lori mstaafu. Tunamwita Kobe kwa mwendo wa lori lake, si kwa shingo, ingawa na shingo nayo ipo. Akapanda mizani, ikasema kilo nne zaidi ya wiki iliyotangulia. Suruali haifungi. Viatu kaacha nyumbani, kavaa kandambili. Uso mzima ni meno.

Benchi zima tukapiga makofi. "Kobe, umenawiri!" "Mkeo siku hizi anakulisha nini?" Na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

Kobe akajilaza kwenye ukuta azifaidi sifa zake. Mara akainuka ghafla, akaweka viwiko magotini, anahema. Hapo kicheko kikanikatika. Nikamwona mdogo wangu.

"Kobe, jana umelala vipi?"

"Kwenye kiti. Kitandani kuna joto."

"Hebu lete mguu."

"Niache! Unanitomasa kama unanunua parachichi!"

"Tulia wewe. Unaongea na mume wa daktari."

Nikamminya muundi kwa dole gumba kama ulivyonifundisha kwenye simu. Nilipotoa dole, shimo likabaki. Nikamwita nesi kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nilipofunga kibanda changu cha kinyozi. Nesi akaja, akaangalia mguu, akaangalia mizani, akaangalia ile karatasi yao iliyobandikwa ukutani miaka yote na sisi tunaitumia kuegemeza vichwa. Imeandikwa kwamba uzito ukipanda ghafla usingoje, njoo.

"Mzee," akamwambia Kobe, "hizi si nyama. Ni maji."

Kobe akatugeukia, pumzi zenyewe hana. "Kwa hiyo nyie mmeyapigia maji makofi?"

Wakamlaza. Wakampa vidonge vya kukojoa, na vingine vya moyo, na kwa maelezo yake mwenyewe ambayo sitayaandika yote kwa heshima yako, choo cha wodi hakikupata mwingine. Jumatano iliyopita amerudi benchini na viatu miguuni, anakasirika kwamba sasa suruali inamvuka. Anapumua, mke wangu. Anapumua na kugomba kwa pumzi moja.

Nikamwuliza nesi, haya mnayotuagiza ya kupanda mizani kila asubuhi nyumbani aliyagundua nani? Akasema si mtu mmoja, ni watafiti wengi, wamewafundisha wagonjwa kujipima na kuwafuatilia muda mrefu. Nikakumbuka utafiti wako wa kwanza kabisa, ule wa mizani. Si ndio ule ambao wenzako walikucheka wakisema ni kazi ya watu wa sokoni? Nikasimama nikalitangazia benchi kwamba mmoja wa watafiti hao ni mke wangu. Nesi akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kama vidonge vinanichanganya kichwa.

Mimi nimenyoa watu maisha yangu yote. Kila niliyemnyoa alirudi na nywele. Sikuwahi hata siku moja kuweka wembe chini nikalia kwamba nywele zimenishinda. Na hiyo dawa yenu iliyotoka sare, si sasa mnajua haifai? Bila wewe Kobe angekuwa anaimeza leo na kushukuru, kama wale wa unga. Kuambiwa hapana ni jibu pia. Bibi yako alinijibu hivyo mara mbili kabla ya kunikubali, na baba yako akapatikana.

Kuna jambo dogo nimelifanya, usikasirike. Kobe anataka kujua mbona maji yalimrudia yeye na mimi hayakunirudia, na vidonge tunameza vilevile. Nesi akasema hajui, labda chumvi, labda kuna kitu kingine. Nikamwambia Kobe atulie, mke wangu analifanyia kazi. Benchi zima limesikia. Kwa hiyo ukienda kwa hao wa marashi nitakupenda vilevile, na kifua cha tajiri nacho kina moyo ndani. Lakini itabidi nibadilishe kliniki, na hiyo nyingine haina feni.

Na kabla hujamjibu profesa, nijibu mimi kwanza. Mimi na mdogo wangu tulikuwa wa baba mmoja na mama mmoja. Mwaka juzi moyo wangu nao ulianza kuchoka, kama ulivyochoka wake. Mito mitatu, kifua kinalia, bibi yako ananitazama kwa jicho nisilolitaka. Leo mito nimemrudishia mwenyewe. Nimebaki na mmoja, nalala chali, nakoroma mpaka anatishia kuhamia sebuleni. Mdogo wangu alikufa amekaa. Mimi nalala. Mbona?

Mama yako anakusalimu, ameacha kulia. Shangazi yako anakusalimu, anasema ile siku ya "nyamaza" umsamehe. Mjomba wako fundi bomba anasema na yeye anashughulika na maji, mnaweza kushirikiana. Msalimie mume wako wa pili, mwambie wa kwanza bado nipo. Kitukuu changu mbusu mashavu yote mawili, na akianza kuuliza maswali, asithubutu mtu kumnyamazisha.

Mungu akuzidishie afya, akupe mkono mwepesi, na hicho kichwa kigumu akuachie vilevile kilivyo.

Ni mimi nikupendaye, mume wako wa kwanza,

Babu, mlala chali.