Sauti ya Banjo

Alhamisi. Rasharasha tangu asubuhi, na mimi najionea haya.

Tangu mwezi wa tisa namhudumia Mzee Harbans, Singasinga mzaliwa wa Kisumu anayeishi Queensbury, hapa London. Kwa Kiswahili chake tunaelewana vizuri. Tatizo lilikuwa mbwa wake, Banjo. Mwanawe alimleta kutoka Tennessee, Marekani, alikokuwa akifanya kazi, kisha akahama tena, akamwachia baba.

Mimi mtu wa Mombasa, nimepita chuo cha Kurani. Banjo akinigusa na pua yake mbichi, naosha nguo mara saba, moja kwa udongo. Na kwetu Hayes, ghorofa ya tatu, udongo nauomba kwenye vyungu vya maua vya jirani. Wiki iliyopita nikachoka, nikamwambia Jasvinder, binti wa mzee: mbwa au mimi. Akanichagua mimi. Jumamosi hii Banjo angepelekwa kwenye makao ya mbwa.

Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Leo saa saba mchana nilikuwa juu nasali Adhuhuri. Banjo akaanza kelele bustanini. Haikuwa kubweka nilikokuzoea. Sauti ilikuwa ndefu mwanzoni, kisha ikawa fupi fupi, bila kupumzika. Nikajisemea, leo ana kisirani. Nikaleta uradi wangu wote, nikakunja mswala taratibu, nikashuka na ufagio kumtia adabu.

Nikamkuta amesimama wima, miguu ya mbele ameiegemeza kwenye mlango wa kibanda cha vifaa. Hata hakunitazama. Ndani mzee alikuwa sakafuni, mguu umempinda.

Robo saa nzima mbwa aliita, nami nikamkasirikia.

Tukingoja ambulensi nilimfunika mzee blanketi, nikataka azungumze asije akazimia. Nikauliza la kwanza lililonijia: huyu mbwa ni wa namna gani hasa?

"Hii si mbwa ya kulinda nyumba, mama," akasema huku amekunja uso kwa maumivu. "Hii ya kuwinda. Babu zake walitoka hapa hapa Uingereza, wakifukuza mbweha. Wakapelekwa Amerika na meli. Huko mnyama anapanda mti, basi mbwa akafundishwa kazi mpya."

Kazi yenyewe ni kufuata harufu ya rakuni, mnyama wa huko mwenye mkia wa mapete, mpaka kwenye mti aliopanda. Hapo mbwa huegemea shina na kubadilisha sauti, wala haondoki mpaka bwana wake afike. Ile ndefu ni kusema anafuata. Zile fupi ni kusema yupo hapa, njoo.

Nilimfuata mzee hospitali kwa basi, nikisoma habari za mbwa kwenye simu mpaka nikapitiliza kituo. Kumbe Marekani wako wa kuwinda dubu, ambao wazee wao walitoka Ujerumani wakiwinda nguruwe mwitu. Wako wa kuokota bata kwenye maji ya baridi kali, wenye manyoya ya mafuta. Husimuliwa kwamba walianza na vitoto viwili vilivyookolewa kwenye meli iliyokuwa ikizama. Wako wa Louisiana, wenye mabaka, wa kukusanya ng'ombe na nguruwe porini. Na wale wa Alaska, wavuta sleji, magari ya kuteleza kwenye theluji, walifugwa na wenyeji kabla Mzungu hajafika.

Nani huyo aliyemtazama mbwa wa mbweha akamwona mbwa wa mti? Mimi miezi yote hii nimemtazama Banjo sikuona ila najisi. Sheria ya kuosha sitaiacha, lakini kuosha hakukunizuia kuuliza. Nilikuwa mvivu tu wa kujua.

Jasvinder nilimkuta kwenye korido, mzee ameingizwa kupigwa picha ya mguu. Nikamwomba asimpeleke Banjo.

"But auntie, wewe ndiye uliyesema huwezi," akashangaa. "Na dad atakaa hospital, mimi niko kazini all day. Nani atamtembeza?"

"Mimi," nikasema, kabla akili haijanizuia.

Sijawahi kushika kamba ya mbwa maishani mwangu. Kesho saa mbili asubuhi nitaishika, na naogopa.