Ndege Kwenye Matuta ya Viazi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nyegezi tu wazima, mdogo wako ameota meno.

Unauliza, huko unakojifunza urubani, kama rubani anayefungua parachuti la kushusha ndege nzima ni mwoga kuliko anayetua shambani.

Nikiwa msichana, injini ya ndege ndogo niliyopanda ilizimika karibu na Igoma. Rubani akalenga shamba la viazi, akielekea kuyakata matuta kwa kuyavuka. Nilijua magurudumu yatanasa tupinduke, lakini haya ilinifunga mdomo. Mwishowe nikapayuka, “Kaka, fuata matuta, usiyakate!”

“Haya, dada!” Akageuza. Tukatua tukirukaruka kama mbuzi.

Nakiri, nilikaribia kunyamaza. Ila namsifu yeye: alipokea msaada bila kubishana. Nawe ukiwa na parachuti, livute ungali juu, uje unisimulie.

Bibi yako