Divai Ndani ya Supu

Bergerac, 9 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Solange,

Nakusalimu kwa moyo wote. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Lyon? Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha asubuhi. Masanduku yangu nimeyafunga nusu. Shemeji Régis ameniandikia kwamba umekwisha kukipaka rangi chumba nitakachohamia mwezi ujao. Asante sana.

Jumapili nilitaka kuyaaga mashamba ya mizabibu. Huguette, mjane wa Fernand mtengeneza mapipa, alinipeleka Castelbrune, kile kijiji chenye ngome alikotupeleka Baba. Nilimweleza jinsi watawa walivyochimba maghala ya divai ndani ya mwamba. Akasema nimekwisha kumweleza mara tatu, na kwamba tangu Fernand azikwe hakuna anayemchosha vizuri kama mimi.

Mchana tuliagiza supu ya vitunguu saumu. Unakumbuka Baba: supu ikibaki kidogo, humimina divai nyekundu, akainua bakuli kwa mikono miwili akanywa. Marehemu mke wangu Mathilde aliona ni ushamba, nami niliacha kwa miaka arobaini. Mkono ulitaka chupa, lakini mhudumu, mama wa makamo mwenye tai shingoni, alikuwa akitutazama. Nikaurudisha.

Huguette akaniuliza, “Mwalimu mzima, unaogopa tai?” Akanimiminia, akajimiminia, akanywa mpaka akaota masharubu mekundu. Yule mama akacheka, akasema jikoni wote hunywa hivyo hivyo, wateja ndio wanaojitia haya. Nami nikanywa. Machozi yalinitoka, Solange, wala sikuvisingizia vitunguu.

Sasa niseme ninachokizunguka tangu mstari wa kwanza. Sitaki kuja Lyon. Wakati wa kurudi nilimwomba Huguette tuoane. Alisimamisha gari kando ya mizabibu, akasema hatanijibu mpaka nikuandikie wewe, maana wewe ndiye uliyepaka rangi chumba.

Kwa hiyo bado hajanijibu. Ukinikasirikia una haki, lakini njoo unikasirikie hapa, mezani. Bakuli lako la utotoni, lile lenye ufa, nimelitoa sandukuni asubuhi hii na kuliosha.

Mpe mkono Régis, na wajukuu uwabusu kwa niaba yangu.

Kaka yako akupendaye,
Anselme