Bangili ya Mama Iliita

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Karakana ya Redio.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua sasa baridi ya huko imepungua. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa. Baba mdogo ananipikia uji kila asubuhi na kunisimamia mpaka niumalize, utadhani bado nina miaka sita.

Uliniuliza kwenye simu kama Mama alikwenda kwa utulivu, nikakujibu kwamba alikuwa amelala. Nilikudanganya, Dada.

Unajua kazi yangu ni kuunda vipokezi, mitambo ya kunasa mawimbi ya redio. Pale wodini alikolazwa Mama, kila mgonjwa amevaa bangili yenye kitufe cha kuita, na kila mashine ya dripu na jokofu la dawa lina kifaa chake. Vyote hutuma ujumbe vinapotaka, bila kungoja zamu, na kipokezi kimoja darini lazima kitambue nani kasema nini. Mbinu niliiba kwa Mama. Darasa lake la watoto hamsini, mimi na wewe tukiwemo, likijibu kwa pamoja, aliwatambua kwanza wenye sauti kubwa, akawaondoa kichwani, ndipo akamsikia mnyonge wa dawati la nyuma. Wewe ulikuwa wa kwanza kuondolewa. Mnyonge nilikuwa mimi.

Wiki ile wauguzi walinilalamikia. Kipokezi kiliwakimbiza kwenye vitanda ambavyo hakuna aliyeita, na muuguzi mkuu alisema miguu inawaka moto. Basi nikapandisha kizingiti cha usikivu wake, ili kila sauti dhaifu ihesabiwe kuwa kelele tu. Sikukumbuka kwamba kitanda cha Mama kiko pembeni, nyuma ya kabati la chuma linalodhoofisha mawimbi, na betri ya bangili yake ilikuwa karibu kuisha.

Alhamisi ya wiki hiyo, saa nane mchana, nilikuwa chumba cha chini, nikitazama skrini iliyotulia na kujisifu. Saa tisa nikapanda kumsalimia. Mwili wake ulikuwa umeshapoa.

Kipokezi huhifadhi kila kilichopokea, hata kilichotupwa. Juzi nilipata ujasiri wa kufungua kumbukumbu hizo. Niliondoa wenye sauti kubwa mmoja mmoja, kama alivyofanya yeye, nikamkuta chini yao wote. Alibonyeza kitufe mara kumi na moja.

Daktari anasema hata wangefika, huenda wasingemwokoa. Huenda. Majuto ni mjukuu, Dada, na wangu amefika kabla sijaoa.

Kizingiti nimekishusha. Nilipowaeleza wauguzi kwamba watakimbia bure tena, na kwa nini, muuguzi mkuu alisema, "Acha tukimbie."

Msalimie shemeji, na Kibogoyo wako mwambie mjomba anauliza meno mapya yameota mangapi. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Ukinikasirikia, una haki. Ila usininyamazie. Andika hata mstari mmoja, hata wa kunitukana, nitausikia.

Mdogo wako akupendaye,
yule wa dawati la nyuma.