Kunguni Wako Katika Shamba la Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua zako zote tangu uhamie Mbeya zimenifikia hapa Ilula, na wino sikukosa. Nilikosa moyo wa kukusifu, na bila sifa sikujua nianzeje.

Wale wadudu wa ng'ambo uliotuletea katika kikopo kilichofungwa kitambaa mdomoni, ukawaachia kwenye lantana iliyovamia shamba la baba, wamefanya kazi uliyosema. Majani yamegeuka rangi ya kahawia, maua yamepukutika. Kila asubuhi mama huomba kiti chake kiwekwe ukingoni mwa shamba ili atazame vichaka vikinyauka. Humwita kila mpita njia: "Njoo uone! Mwanangu ndiye aliyewaleta hawa!" Mimi husimama nyuma ya kiti hicho, na mwana anayesifiwa si mimi.

Jirani yetu, Baba Semeni, aliwatazama wadudu wale wadogo akaniambia mbele ya watu, "Mwalimu, umechimba mpaka mgongo umepinda, kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya kunguni!" Watu walicheka. Mama naye alicheka.

Unakumbuka baba alivyotugawia kazi ya kung'oa lantana? Mimi nilichimba mizizi, wewe ulikusanya matawi. Nilirudi nyumbani viganja vimechanika. Wewe ulirudi na meno meusi kwa kula matunda yake. Siku moja ulimwuliza, "Baba, mbuzi hawaili, ng'ombe hawaili. Huko kwao ilikotoka, inaliwa na nani?" Baba aliacha jembe, akacheka hadi akaketi chini. "Huyu atafika mbali," alisema. Kisha akanigeukia: "Nawe endelea kuchimba."

Niliendelea.

Sasa mvua zinakaribia, na mashamba yanachomwa. Unajua kwamba katika ukoo wetu hakuna awashaye moto kabla ya mkubwa, na tangu baba atutoke mkubwa ni mimi. Baba Semeni, ambaye shamba lake limepakana na letu, hanipi nafasi ya kupumua: "Washa, Mwalimu! Vimekauka vyenyewe. Vitateketea siku moja, nasi tupande." Wewe umeandika kwamba nikichoma, wadudu watakufa na visiki vitachipua upya, kwa hiyo niwaachie msimu mmoja zaidi. Nimekuelewa. Lakini mbegu ya mahindi inangoja, na mwaka jana chakula hakikututosha.

Hata hivyo, nikikuambia kwamba nahofia njaa tu, nitakuwa mwongo. Zipo asubuhi ambapo natamani kuona moshi juu ya wadudu wako, na mama akigeuza kiti chake.

Jana alininyooshea mkono. "Nipe kibiriti nikuwekee."

"Mama, huniamini?"

"Nakuamini, mwanangu. Lakini nakujua."

Sikumpa. Kimo mfukoni mwa koti langu hata sasa ninapoandika.

Usiwaulize wasafiri wa basi kama wameona moshi upande wa kwetu. Bado sijaamua. Nitakapoamua nitakuandikia, na nitakuandikia kabla sijawasha hata njiti moja, ili upate muda wa kuja kunizuia ukitaka. Ukija, njoo na jembe.

Ni mimi kaka yako, niliyebaki shambani.