Niliyemtuma Akachambue Pamba

Bariadi, Jumatano

Dada yangu Eufemia,

Habari za Mbinga, na mguu wa mama umepona? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia, na wewe uliyenilea siwezi kukuficha. Ulimi wangu umeniponza tena.

Nina mwanafunzi wa kidato cha sita, Kabula, binti wa mkulima wa Dutwa. Nilikuwa nafundisha mfuatano wa namba: nusu, robo, nusu ya robo, unaendelea hivyo kuisogelea sifuri. Nikasema sifuri ndiyo kikomo chake. Kabula akauliza, "Unafika lini?" Nikamjibu haufiki. "Sasa hicho kikomo kimetoka wapi?" Siku tatu aliuliza hivyo hivyo, nami nikarudia maneno ya kitabu. Siku ya nne nikamwambia mbele ya darasa aende akachambue pamba na mama yake. Akainuka, akachukua sanduku lake bwenini, akaenda.

Nilidhani amenuna. Kumbe huku mkubwa akikutuma hubishi. Jumamosi nilipofika kwao, baba yake alinikaribisha vizuri tu. "Umemrudisha, mwalimu, nasi tumempokea. Mume hatakosa." Na huu ndio mwaka wake wa mtihani wa taifa.

Kabula na mama yake walikuwa wanachambua. Siku hizi wanunuzi binafsi wanabeba pamba safi na fifi, ile chafu, pamoja, majirani wameacha kujisumbua, lakini mama huyu hajaacha. Kwa kukosa la kusema nikamuuliza itakuwa safi kabisa lini. Akacheka. "Takataka haziishi, mwalimu. Wewe sema unataka safi kiasi gani, nikwambie niipitie mara ngapi."

Kabula akasimamisha mikono. "Ndiyo hiyo," akasema polepole. "Mtu ataje udogo wowote autakao. Sisi tumwonyeshe hatua ambayo kuanzia hapo namba zote ni ndogo kuliko huo. Si lazima sifuri ifikiwe."

Niliona aibu, dada. Miaka sita nayafundisha maneno hayo, kumbe nilikuwa nimeyakariri tu.

Nikamwomba baba yake amruhusu arudi. Akasema, "Neno ulilitoa mbele ya watu. Kaliondoe mbele ya watu, nasi tutasikia." Jumatatu nikasimama darasani nikakiri kosa, dawati lake likiwa tupu. Mwenzake wa Dutwa aliahidi kufikisha habari. Mpaka leo kimya, na kila baiskeli ikipita nje nageuka kutazama.

Msalimie mama, na shemeji huko kwenye kahawa yake, na binti yako wa kwanza. Akikuuliza jambo siku tatu, nakuomba, siku ya nne mvumilie.

Mdogo wako,
Laurenti